Mzee Elphas Wabuge, Aliyeomba Mtu Mmoja Aje Aone

Padre wetu, Mzee Chifu, wazee wa mtaa, akina mama wa jumuiya, wafanyakazi wenzake Baba mliotoka mjini, na nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja hapa Mawe Matatu, mimi naitwa Nelima, ndiye kifungua mimba wa marehemu, nashona yunifomu za shule pale mjini karibu na steji ya matatu. Kazi hii ya kusoma ilikuwa ya baba mdogo, lakini baba mdogo amesema macho yake hayaoni karatasi vizuri, nasi sote tunajua yanaona mpira wa televisheni bila shida yoyote, kwa hivyo tumwelewe tu, ni uchungu. Nitasoma nilivyoandika, na nikishindwa mahali mtanivumilia.

Marehemu Mzee Elphas Wabuge alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 1955 huko Misikhu, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Joseph Wabuge na marehemu Mama Nelima, ambaye mimi nilipewa jina lake, na wanaomkumbuka wanasema nilipewa na mdomo wake pia. Wakati huo, kama alivyopenda kutuambia, nchi hii haikuwa na Waziri wa Mazingira, wala hakuna mtu aliyemhitaji, kwa sababu mto ulikuwa mto na msitu ulikuwa msitu, na aliyetaka maji alibeba mtungi akaenda. Nawaambia haya mapema kwa sababu huwezi kusimulia maisha ya Baba bila kusimulia maisha ya Waziri huyo, ambaye Baba hakuwahi kukutana naye hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973, ambapo alipata tuzo moja tu maishani, kalamu ya wino, kwa kuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Kalamu hiyo iko ndani ya koti alilovaa leo. Mwaka 1975 alipanda lori la mahindi na blanketi moja akaja Eldoret kutafuta kazi, kama walivyofanya wengi wenu mlioketi hapa, akalima vibarua kwenye mashamba ya ngano, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha mbao upande wa Kaptagat, kazi yake ikiwa kuandika idadi ya magogo yanayoingia. Alisema ni pale alipoanza kuwaza, maana kila jioni aliandika magogo mengi na kila asubuhi msitu ulikuwa umesogea mbali kidogo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini serikali iliunda wizara ya mazingira, kwa sababu kabla ya hapo mambo hayo yalikuwa na sekretarieti ndogo tu, na Jumatatu tarehe 14 Aprili 1980 Baba akaajiriwa kuwa karani wa rejista katika ofisi ya wizara hiyo hapa Eldoret, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Wizara ilikuwa mpya, Waziri alikuwa mpya, Baba naye alikuwa na shati jipya, na mtu angemwambia siku ile kwamba Waziri wa Mazingira ni mtu wa mbali angemkatalia katakata, kwa maana picha yake na gari la wizara na muhuri wake vilikuwa pale pale ofisini.

Kwa wale wasiojua kazi ya rejista, naomba niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa shida yetu. Barua ikifika ofisini inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye daftari kubwa, inapewa nambari kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu, inafungwa ndani ya faili yake, halafu faili inapelekwa kwa afisa mkuu, naye anaisoma na kuandika la kufanywa, kisha faili inarudi kwa karani. Baba aliifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mitano na hakupoteza barua hata moja. Wenzake mko hapa, mnaweza kunisahihisha.

Siku kubwa katika maisha yake ya kazi zilikuwa siku za mabadiliko ya Baraza la Mawaziri. Zamani mabadiliko hayo yalitangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, na siku hizo nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa kutafuna kwa sauti, Mama alisimama na mwiko hewani, na ugali uliungua mara kadhaa kwa ajili ya taifa. Waziri akibadilika tu, Baba alitingisha kichwa na kuendelea kula. Lakini jina la wizara likibadilika aliacha chakula, maana kesho yake ilikuwa muhuri mpya, majalada mapya, faili za zamani zifungwe kwa kamba, zingine zifunguliwe, na kila kitu kianze tena nambari moja.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Mama yetu, Brigid Adongo, aliyetoka Yala na kuja hapa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Wazee wa pande zote mbili walizozana kidogo kuhusu watoto watazungumza lugha gani, mwishowe wakakubaliana kwa Kiswahili, ndiyo sababu tunazungumza hiki chetu cha Eldoret ambacho watu wa pwani hutucheka. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1984, Ronnie mwaka 1988, ambaye yuko kazini Doha na anatufuata kwa simu ile iliyoegemezwa kwenye maua, na Ayoo mwaka 1993, na wajukuu watano.

Mwaka 1986 walinunua hii robo eka tuliyokaa juu yake. Baba alitaka ploti ya mjini karibu na ofisi, lakini Mama aliletwa hapa kuona, akashuka mpaka kwenye chemchemi, akatia mkono kati ya yale mawe matatu ambayo mtaa umepewa jina lake, akausikia ubaridi, akasema, "Elphas, mimi nimefika." Maji yale yalitoka mwaka mzima, kiangazi na masika, nyumba arobaini zilichota pale na hakuna aliyepanga foleni. Juu yake kulikuwa na kinamasi chenye matete na vyura, na tulipokuwa wadogo vyura hao walitunyima usingizi, tukawatukana, Mungu atusamehe.

Kuanzia mwaka 1992 kinamasi kile kilianza kukatwa vipande, mtu mmoja akapanda mikaratusi, mwingine akachimba mitaro, lori zikaja na vifusi, na ilipofika mwaka 1994 Mama alisema chemchemi imeanza kuchelewa, ndilo neno alilotumia, kama mtu anayezungumza juu ya mgeni. Ndipo Baba akatoa kalamu yake ya tuzo akamwandikia Waziri.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilieleza kinamasi kiko wapi, nyumba ngapi zinategemea maji yale, na ikamalizia kwa ombi moja tu, ambalo halikubadilika katika barua zote zilizofuata, nami nalisoma lilivyo: "Kwa unyenyekevu naomba mtu mmoja atumwe aje aone." Hakuomba mtu ashtakiwe wala mti ukatwe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mfanyakazi wa serikali hamwandikii mkubwa hivi hivi. Chini ya jina la Waziri lazima aandike "Kupitia kwa", halafu cheo cha mkuu wake wa kazi, na barua ianzie kwa mkuu huyo. Baba alifuata utaratibu. Aliandika kwa Waziri kupitia kwa afisa wake, kisha akavaa kofia yake ya ukarani, akaipokea barua yake mwenyewe, akaigonga muhuri, akaipa nambari kwa kalamu nyekundu, akaipeleka ghorofani ndani ya faili. Afisa akaisoma, akaona inahusu maji, na maji wakati huo yalikuwa na wizara yake nyingine, akaandika pembeni, "Iwekwe kwenye faili." Faili ikarudi kwa karani. Na karani, waombolezaji wapendwa, akaiweka kwenye faili.

Afisa huyo yuko nasi leo, Mzee Nicanor Otiende, ameketi pale mbele na fimbo yake, na simsemi kwa ubaya, kwa sababu yeye ndiye alimfundisha Baba kazi, ndiye baba yangu wa ubatizo, na ameniruhusu niseme. Walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku saa nne kwa miaka kumi na moja, mandazi kwenye sahani moja, wakizungumza watoto, mvua na siasa, na hakuna hata siku moja ambapo mmoja wao aliitaja ile barua. Mzee Nicanor alidhani kama jambo ni zito Elphas angemwambia mdomoni. Baba alidhani jambo likishaandikwa kulisema tena mdomoni ni kumkosea mkubwa adabu. Ndivyo walivyokuwa, watu wa heshima wote wawili, na chemchemi ikawa inachelewa.

Mwaka 2003 serikali mpya ikaingia na wizara ikawa ya Mazingira, Maliasili na Wanyamapori, faili zikafunguliwa upya, na Baba akaona hiyo ni nafasi, akaandika barua ya pili, jina jipya, utaratibu ule ule. Afisa alikuwa mwingine, naye akauliza kwa maandishi kama kuna wanyamapori mahali pale. Baba alikuja nyumbani akatuuliza kwa dhati kabisa, Mama akamjibu, "Waambie kuna vyura wawili, na mmoja ni mgonjwa." Hilo Baba hakuliandika. Barua ikawekwa kwenye faili.

Januari 2008, katika zile vurugu za baada ya uchaguzi, kama mnavyojua mlioyapitia, tuliondoka hapa kwa miguu kwenda kulala kwenye mahema, wengine wenu mlitoka Burnt Forest tukakutana huko, na sitayarudia hayo mbele ya jeneza. Nitasema moja tu, kwamba kila mtu alibeba alichoweza, Mama alimbeba mama mzee wa jirani, mimi nilibeba godoro, na Baba alibeba bahasha ya kaki yenye kopi za barua zake mbili. Mama amemtania kwa bahasha hiyo miaka kumi na saba, kwamba wenzake walikimbia na sufuria yeye akakimbia na Waziri. Tuliporudi mwezi wa Mei, wizara ilikuwa imegawanywa, sasa ni ya Mazingira na Raslimali za Madini, misitu na wanyamapori vikapelekwa wizara nyingine. Nyumba ilikuwa bila mabati, na Baba aliandika barua ya tatu juu ya ndoo iliyopinduliwa, lakini mikaratusi ni miti, na miti haikuwa ya wizara yetu tena, nayo ikawekwa kwenye faili.

Mwaka 2013 ndio mwaka ambao nilimwona Baba akifurahi kama mtoto. Wizara ikawa ya Mazingira, Maji na Maliasili. Maji, jamani! Alikuja nyumbani mapema, akamshika Mama kiuno jikoni mbele yetu watu wazima, akasema, "Brigid, maji yamerudi kwetu." Barua ya nne aliiandika mara tatu mpaka ikakaa sawa. Lakini huo ndio mwaka kaunti zilipoanza, kila kaunti na waziri wake mdogo, na afisa akaandika kwamba jambo hilo huenda ni la kaunti, huku wa kaunti tulipowauliza wakisema huenda ni la Nairobi, na Baba, kwa vile hakuwahi kufundishwa namna ya kuandika barua yenye wakubwa wa pande mbili, alikaa nayo wiki nzima, kisha akaiweka kwenye faili yeye mwenyewe bila kuambiwa.

Nyumba za kupanga zilikuwa zimejengwa juu ya kinamasi, na maji yalikuwa yamebaki uzi. Hakuna mtu aliyekuwa mbaya. Waliojenga ni majirani zetu, wengine mko hapa mmetusaidia na viti, nanyi pia mlitafuta pa kulala. Nilipokuwa msichana nilitaka sana apatikane mwovu mmoja tumkasirikie, nikakosa.

Tarehe 30 Juni 2015 Baba alistaafu, akapewa cheti, saa ya ukutani, na hotuba. Nami nilidhani barua zimekwisha. Hazikuisha. Mwaka 2018 wizara ilipokuwa ya Mazingira na Misitu, alivaa tai, akatembea mpaka ofisi yake ya zamani na barua ya tano, juu yake ikiwa imeandikwa Waziri, na chini yake, kwa mwandiko ule ule wa tuzo, kupitia kwa afisa. Karani kijana aliyechukua nafasi yake aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri. Mwaka 2023 yakaongezwa mabadiliko ya tabianchi kwenye jina la wizara, Baba akasema sasa hata mvua ni yetu, hawana pa kuponyokea, akapeleka ya sita. Kila baada ya miezi miwili alipita pale kuuliza, wakamwambia Mzee iko kwenye faili, naye alirudi nyumbani ametulia, kwa maana kwake yeye kitu kilicho kwenye faili hakijapotea.

Kuhusu ugonjwa wake, mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na kisukari, na Machi mwaka huu figo zikaanza kukataa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa hapa mjini. Daktari alimpimia maji ya kunywa, vikombe viwili kwa siku basi, na Baba akaomba kimoja kati ya hivyo viwili kitoke kwenye chemchemi, kichemshwe vizuri. Mama alikuwa akishuka kila asubuhi na jagi na rozari. Zamani, alisema, ndoo ilijaa kabla hajamaliza Baba Yetu. Mwaka huu kikombe kimoja kilijaa akiwa kwenye fumbo la nne, na siku nyingine alimaliza mafumbo yote matano akaanza tena.

Mnamo tarehe 18 Oktoba aliniita kando ya kitanda akaniambia niandike barua ya saba, yeye atamke mimi niandike, kwa sababu vidole vyake havikuweza tena kushika kalamu. Niliandika jina la Waziri na wizara yote ndefu. Tukafika kwenye "Kupitia kwa", tukakwama. Hakumjua afisa wa sasa ni nani. Akaniambia acha nafasi, nenda ukaulize, jina likikosewa barua inarudishwa. Jumatano tarehe 22 nilifunga cherehani nikaenda, mlinzi akaniambia ofisi imehamia jengo lingine, nikaenda huko, nikaambiwa afisa amepata transfa na wa kumrithi hajaripoti, nirudi wiki ijayo. Nikarudi wiki iliyofuata, bado. Kila jioni Baba aliniuliza, "Nelima, umepata jina?" Nami nilimjibu, kesho, Baba. Nilikuwa na yunifomu sitini za kumaliza, na kusema kweli nilikuwa nimechoka na Waziri.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa wodini, aliniuliza tena nikamwambia kesho, akajibu, "Haya." Saa tano na dakika ishirini akapumzika, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi sita kasoro siku chache. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu na ile nafasi ikiwa tupu.

Jambo linalofuata halikuwa kwenye nakala mlizogawiwa, nimeliongeza kwa mkono, na baba mdogo asinitazame hivyo. Jumanne wiki hii, tukiwa kwenye matanga, nilimtolea Mzee Nicanor ile barua nikamwuliza, Mzee, wewe uliyekuwa afisa, tuandike hapa jina la nani? Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, huyu alistaafu miaka kumi iliyopita. Mtu akistaafu ni raia. Raia hapitii kwa mtu, anaandika bahasha, anaweka stempu." Mama alikuwa karibu anachambua sukuma wiki. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na mimi ambaye sikuajiriwa na serikali hata siku moja?" Mzee Nicanor akasema, "Wewe ndio kabisa." Mama akauliza, "Tangu lini?" Akamjibu, "Tangu mwanzo, shemeji."

Mama akasema, "Kumbe mimi ningeandika."

Akaendelea kuchambua mboga. Tulikuwa watu watano katika nyumba hiyo, wanne kati yetu hatukuwa na mkubwa wa kazi serikalini, sote tulisoma, sote tulikuwa na kalamu, na kwa miaka thelathini na moja tulimwachia mtu mmoja pekee katika familia ambaye hakuruhusiwa kuandika moja kwa moja. Tulimwachia kwa sababu yeye ndiye alijua kuandika barua za serikali. Sijui kama Waziri yeyote angekuja. Pengine asingekuja. Lakini Baba angekufa akijua kwamba barua ilifika.

Naomba sasa nitoe shukrani kwa niaba ya familia. Tunamshukuru Daktari Aluoch na wauguzi wote wa kitengo cha figo, hasa Sista Brenda, aliyekubali kile kikombe cha chemchemi kiingie wodini na akawa anakiandika kwenye chati kama dawa. Tunawashukuru majirani, Mama Ciku aliyelala na Mama yetu siku zote hizi na kumlazimisha kula, vijana wa mtaa waliochimba kaburi, akina mama wa jumuiya, na aliyeleta boza la maji tangu jana, kwa maana chai mliyokunywa na mchele mtakaokula vimepikwa kwa maji ya boza. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, waliopo na waliostaafu, na yule karani kijana, Byron, ambaye amekuja na faili zote kwenye katoni kutuonyesha kwamba barua zote sita zipo, hakuna iliyopotea, zina nambari kwa kalamu nyekundu. Baba angefurahi sana, Byron, asante.

Tulikuwa pia tumshukuru mgeni wetu, mwakilishi wa Waziri, ambaye kiti chake ni kile chenye kitambaa cheupe. Mzee Nicanor alipiga simu huku na huku tangu Jumanne tukaahidiwa atafika, na kwenye ratiba yenu, baada ya somo hili, imeandikwa kwamba Mama atamkabidhi barua, kisha familia itamtembeza mpaka kwenye chemchemi. Ni hatua mia moja na ishirini kutoka hapa, Ayoo amezihesabu, na jana amekata nyasi njia nzima ili mgeni asilowe viatu.

Naomba mnivumilie kidogo, Ayoo ameniletea karatasi.

Inasema, mwakilishi wa Waziri ameitwa kwenye kikao cha dharura Nairobi, anaomba radhi sana, na anatuma salamu zake za rambirambi kwa familia kupitia kwa Mzee Chifu.

Mcheke tu. Mama pia anacheka, mwoneni. Mzee Chifu, hatuna neno na wewe, ulikuja hapa tangu siku ya kwanza, ulikuja 2008 na blanketi, na najua umeshanyoosha mkono uipokee barua hiyo uifikishe, na ungeifikisha. Utusamehe, leo hatutakupa. Mama ameiweka mapajani. Asubuhi alichukua kalamu akakata lile "Kupitia kwa" na nafasi yake tupu, akaandika jina lake chini ya jina la Baba, Brigid Adongo Wabuge, na Jumatatu anaenda nayo posta mwenyewe. Kama itasomwa hatujui. Chemchemi ina siku ngapi hatujui pia.

Lakini nawaomba kitu kimoja. Tukitoka kaburini, kabla ya chakula, teremkeni pale mnaoweza, taratibu, mmoja mmoja, kwa ile njia iliyokatwa nyasi, msimame kwenye yale mawe matatu mtazame. Hamtaona mengi. Kuna unyevu, na tone, ukingoja kuna lingine. Hamna mamlaka yoyote, wala sisi hatuna, na hakuna mtakachofanya. Baba aliomba mtu mmoja aje aone, nami nikihesabu viti nyinyi ni zaidi ya mia tatu.

Baba, mimi ndiye niliyekuambia kesho. Nisamehe. Ile nafasi haikuhitaji jina la mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Sasa unakokwenda, Padre ataniambia kama nakosea, usisimame mlangoni kuuliza afisa ni nani, wala usingoje kugongewa muhuri. Pita moja kwa moja, Mzee Elphas Wabuge, ukapumzike.